Betri Niliyoibatiza

Kabla sijawapa busara yoyote, acheni nitoe upumbavu kwanza ili mzigo uwe mwepesi. Katika wiki zangu za mwanzo kazini, niliijaza betri ya mteja maji ya baraka. Sisemi kwa mafumbo. Maji ya baraka yenyewe, ya Pasaka, kutoka kwenye chupa ambayo Mama huiweka juu ya kabati kando ya picha ya Bikira Maria. Betri ile ilikufa, na kifo chake nitakieleza mbele, kwa sababu karibu kila kitu ninachojua kuhusu kazi hii nilijifunza juu ya maiti yake.

Naitwa Deogratias Haule, Deo kwa kifupi. Nina miaka kumi na sita na nimestaafu. Wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi wamalize. Nilikuwa msaidizi wa kuchaji betri kwenye kibanda cha Bi Somoe, pale Msamala, mwaka mzima na ushee, jioni baada ya shule na Jumamosi kutwa. Sasa nipo kidato cha nne, na nyumbani imeamuliwa kwamba mtihani na asidi havikai mfuko mmoja. Nafasi yangu ameichukua Fadhili wa kidato cha pili, kijana mzuri, ambaye juzi nilimkuta anaizungukazunguka betri ya lori akitafuta tundu la kuchomekea plagi. Kwa hiyo naandika. Cheo changu sikitaji, maana nilianza msaidizi na nimestaafu msaidizi. Mshahara nao tuuache ulale salama.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya shule vilivyopigwa rangi, kama mtu anayekwenda kuapishwa.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Wewe ndiye mwana wa nesi wa Ruhuwiko?"

"Ndiye."

"Mama yako kaniambia una akili."

"Kidogo."

"Na utundu?"

"Huo upo wa kutosha."

Akanitazama kuanzia juu mpaka kwenye viatu. "Vua hivyo. Asidi haijui ada ya shule." Akanipa mabuti ya mvua ya marehemu mumewe, makubwa kiasi kwamba nikigeuka, yenyewe yalibaki yanatazama mbele.

Bi Somoe ni Myao wa Tunduru. Alikuja Songea na mumewe aliyekuwa dereva wa lori, na mume alipofariki alimwachia chaja moja, kibanda kimoja, na binti mmoja anayeitwa Zuhura. Kanga zake zote zilikuwa na matundu. Tone la asidi likirukia nguo hulioni siku hiyo. Unaliona nguo ikishafuliwa, kitambaa kimeachia. Kwa hiyo yale maandishi ya chini yalikuwa yameliwa katikati, na Bi Somoe alivaa nusu ya methali kila siku, nyingine tukamalizia wenyewe vichwani. Fadhili, funzo la kwanza ni hilo: vaa nguo usiyoipenda.

Siku ile hakuniruhusu kugusa waya wala kizibo. Aliniambia niinue. Niliinua kila betri iliyokuwa mle kibandani, moja baada ya nyingine, niiweke chini, nimwambie ipi nzito. Mgongo ulipoanza kulia nikauliza tunatafuta nini.

"Betri ni risasi," akasema. "Siyo ya bunduki, risasi ile nyeusi, ile metali. Risasi ni nzito. Mtu akikuletea betri kubwa halafu nyepesi, ujue ndani wamekuwekea sahani mbili na maneno mengi."

Hili lilikuwa na maana kwa wakati wetu. Wakubwa wanasema zamani betri ilikuwa ni kitu cha kuombewa kibali, unaandikiwa, unasubiri, unasahau. Siku hizi biashara imefunguliwa na mjini zinaingia betri za kila namna, nyekundu, njano, zenye picha ya simba, zenye picha ya radi, na nyingine zilizokwisha kufanya kazi kwenye magari ya nchi za watu, zikaoshwa uso na kuletwa kwetu kama mabibi harusi. Na kila mtu anataka. Umeme wa mji unategemea dizeli, dizeli inategemea barabara, barabara inategemea mvua, na mvua haitegemei mtu. Kwa hiyo mwenye redio anataka betri, mwenye deki ya video anataka betri, mwalimu anayesahihisha madaftari anataka betri. Umeme ukiwepo tunachaji. Ukikatika, tunaheshimiwa.

Sasa nirudi kwenye maiti. Ilikuwa baada tu ya Pasaka. Bi Somoe alikwenda msibani Lusewa, na kabla ya kupanda gari alinisimamisha mlangoni. "Maji ya kuongezea yamekwisha, mzigo umekwama njiani kwa matope. Usiongeze maji yoyote kwenye betri yoyote mpaka nirudi. Umesikia?"

Nilisikia. Kusikia hakujawahi kunishinda.

Kesho yake akaja Mwalimu Shirima, anayetufundisha fizikia, mtu wa Kilimanjaro, mpole, amefunga betri yake kwenye baiskeli kwa mpira. Nilifungua vizibo nikachungulia. Sahani za ndani zilikuwa zimetokeza juu ya maji kama mawe ya mto wakati wa kiangazi. Betri ikifika hapo inaungua taratibu. Nikamwambia, kwa sauti ya daktari, "Mwalimu, mgonjwa ana kiu. Mwache hapa."

Halafu nikafikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maji ya betri yanatakiwa yawe safi, yasiwe na uchafu hata kidogo. Maji ya bomba yana udongo. Ya kisima yana magadi. Je, katika nyumba yetu ni maji gani safi kupita yote, hata shetani anayakimbia? Jioni nikaibeba ile chupa ya Mama chini ya shati. Vyumba vyote sita vya ndani ya betri nikavipa kimoja kimoja, kwa adabu, nikaiunganisha na chaja, na nakiri kwamba nilipiga ishara ya msalaba.

Bi Somoe aliporudi hakufika hata mlangoni. Alisimama nje akanusa.

"Mbona hapa kunanuka wodi?"

Na kweli kulikuwa kunanuka ile dawa ya kung'arishia mashuka ya hospitali, harufu ninayoijua tangu utotoni kwa sababu Mama hurudi nayo kwenye nguo. Bi Somoe alizima chaja, akafungua madirisha yote mawili, akanivuta nje kwa kola.

"Umetia nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Masafi."

"Deo."

"Ya baraka, Bibi."

Akaniachia kola. "Paroko wenu anatia chumvi mle?"

"Anatia. Anaibariki kwanza."

"Astaghafirullah. Umeibatiza betri ya watu?" Akakaa chini kwenye ngazi, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, akaiokota, akacheka tena. Halafu akafuta macho. "Sikiliza, mwanangu. Chumvi ni chumvi. Ikichajiwa inatoa hewa mbaya ya kuua kifua na inazila sahani. Padri wenu hana kosa, na chumvi haina kosa. Betri ndiyo haina dini."

Mimi nilikuwa nasubiri kufukuzwa. Alichofanya ni kuingia chumbani kwake, akaikata waya betri yake mwenyewe, ile aliyokuwa akisikilizia taarifa ya habari, akampelekea Mwalimu Shirima na kumweleza ukweli wote. Mwalimu, ambaye angeweza kunifanya kichekesho cha darasa zima, alisema tu, "Hoja yake haikuwa mbaya. Ila hakuuliza kuhusu chumvi." Mwezi mzima Bi Somoe hakusikia habari za dunia, na hakunikumbusha hata mara moja.

Lakini ile betri alinipa niifungue. Tuliimwaga asidi kwenye ndoo yenye magadi, ikachemka na kutulia, kisha nikapasua kifuniko kwa msumeno nikiwa nimevaa glavu za mpira. Ndani nilikuta sahani zimepangana kama kurasa. Za upande wa chanya zinatakiwa ziwe na rangi ya chokoleti, zilikuwa zinamomonyoka kama mkate wa juzi. Kati ya sahani na sahani kuna kitenganishi chembamba, na chini kabisa kuna tope la vumbi la sahani. Tope hilo likipanda mpaka likagusa sahani mbili, chumba hicho kimekufa. Ndiyo maana betri ya kusafirisha huku na huko haitupwi chini kama gunia la mahindi. Gamba lake tuliliosha tukaligeuza kigoda. Wateja wakaliita Yohana, yule Mbatizaji. Fadhili, sasa unalikalia wewe. Likalie kwa heshima.

Mzigo wa maji ya kuongezea ulipofika, nilijaza kiasi kwenye chupa ya Mama na kuirudisha kabatini kando ya Bikira Maria. Nikaona mambo yamekwisha. Tatizo ni kwamba Mama ana kichupa kidogo cha mfukoni ambacho hukijaza kutoka kwenye ile chupa kubwa, na kabla ya kumhudumia mama yeyote wa kujifungua hunywa funda moja na kupiga ishara ya msalaba. Mara kwa mara nilimwona anakijaza. Nilijiambia kwamba maji yale ni safi kuliko ya bomba, hayana asidi hata tone, na hayo yote ni kweli. Nikanyamaza. Nayo ni kweli.

Baada ya hapo nilikuwa mwanafunzi mwenye masikio. Nilijifunza kwamba asidi humwagwa ndani ya maji, na maji hayamwagwi ndani ya asidi, ukitaka kubaki na sura uliyozaliwa nayo. Kwamba maji huongezwa betri ikishajaa chaji, kwa sababu ikichajiwa maji hupanda, isipokuwa sahani ziwe wazi, hapo unazifunika kwanza kidogo. Kwamba kile kipimo cha kioo chenye boya ndani hakidanganyi: unavuta asidi ya kila chumba, boya likielea juu chaji ipo, likizama hakuna, na chumba kimoja kikizama peke yake wakati wenzake wanaelea, mwambie mwenye betri akae chini kabla hujamwambia. Kwamba vizibo hulegezwa wakati wa kuchaji na hakuna mtu kuwasha sigara karibu. Bi Somoe nyusi moja haikuwepo. Sikuwahi kuuliza.

Jambo moja walikuwa wakibishana yeye na Mwalimu Shirima kila Jumamosi: Bi Somoe hakukubali betri ikae kwenye sakafu ya saruji, lazima ubao. Mwalimu alisema hayo yalikuwa ya enzi za magamba ya zamani. Bi Somoe alisema saruji haijabadilika. Mimi naweka ubao, kwa sababu Mwalimu hunipa maksi lakini Bi Somoe hunipa chai.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Nitawapa ya Kaka Mwakipesile, mtu wa Mbeya mwenye banda la video. Alikuja na betri mpya, nyekundu, ina picha ya radi, amelewa furaha. Bi Somoe aliinua kwa mkono mmoja akairudisha chini.

"Hii imezaliwa njiti, mwanangu."

"Mama, acha wivu. Nimeiwashia taa dukani imewaka kama jua."

"Kuwaka kila mtu anaweza. Kudumu je?"

Kaka Mwakipesile akaondoka nayo. Jioni ile banda lilijaa, na betri ilizimika stelingi wa filamu akiwa ananing'inia kwenye ghorofa, mkono mmoja. Watazamaji walitaka kujua kama ameanguka. Kaka Mwakipesile alitoka kupitia dirishani. Kesho yake alipokuja, Bi Somoe hakumcheka. Alimwonyesha tunavyopima: tunaiunganisha na taa kubwa ya gari, tunakunywa chai kikombe kizima, halafu tunaitazama taa. Betri nzuri unaikuta vile vile. Betri mbaya unaikuta imesinzia. Wewe Fadhili, mtu akikuomba umchagulie, usiangalie picha ya radi. Inua, tikisa kidogo usikilize kama kuna kitu kinacheza, tazama ubavu kama umevimba, pima kila chumba, kisha kunywa chai.

Sasa nafika kwenye sanduku.

Zahanati anayofanyia kazi Mama, kule Ruhuwiko, ilikuwa na taa nzuri umeme ukiwepo. Ukikatika kulikuwa na kandili, na kandili haioni pembeni, kwa hiyo Mama alitumia tochi ya mkono. Lakini mkunga hana mkono wa ziada. Tochi aliishika kwa meno. Ile tochi ipo mpaka leo, na mwishoni ina alama za meno ya mama yangu kama muwa. Jioni moja nilimweleza Bi Somoe kwa utani, nikaigiza na sauti. Hakucheka. Alikuwa anasugua vichwa vya betri kwa brashi, akaendelea kusugua.

"Zuhura nilimzaa kwa kibatari," akasema. "Mafuta yakaisha katikati. Mkunga alimalizia kwa kupapasa." Akatia brashi kwenye maji ya moto. "Na Zuhura mwenyewe naye sasa ana mimba."

Zuhura alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, mume yuko kazini Mtwara. Alikuwa na ulimi kama wembe. Mimi aliniita Fundi Maji, na kila nikipita na chupa aliuliza, "Hiyo ya ubatizo au ya kipaimara?"

Basi tukatengeneza sanduku. Betri mbili, si lazima mpya, lakini za umri mmoja na aina moja. Hapa Bi Somoe alikuwa mkali. "Usimfunge mzee na kijana kamba moja. Kijana atachoka kumbeba mzee, wote wafe." Tulizipima wiki nzima mpaka tukapata pacha. Seremala akatupa kasha la mbao lenye mishikio ya kamba mbili, matundu ya hewa juu, na ubao katikati ili betri zisigongane. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, fyuzi ya gari karibu na betri, na waya mrefu wenye taa mbili za gari mwishoni ndani ya bati la kumulikia. Vichwa vyote tulivipaka grisi. Unafunga chanya kwanza, na ukifungua unaanza na hasi, ili spana ikiteleza isiwashe fataki.

"Na likae huko zahanati mpaka siku ya shida?" nikauliza.

"Ndiyo njia ya kuliua," akasema Bi Somoe. "Betri ya dharura isipofanya kazi inalala, ikilala na njaa inaota ukoga mweupe kwenye sahani, haiamki tena. Kila mwezi lirudi hapa linywe. Hata kama halikutumika. Hasa kama halikutumika." Kisha akanishika mkono akauweka kwenye kiungo kimoja cha waya kwenye chaja iliyokuwa inafanya kazi. Kilikuwa cha moto. "Unasikia? Kiungo kilicholegea kina homa. Taa ikififia bila sababu, usianze kulaumu betri. Papasa viungo, tafuta chenye homa."

Siku yenyewe ilikuwa mwezi Machi, mvua imechoka kunyesha lakini haijui kuacha. Asubuhi Zuhura alishikwa na uchungu. Nilipita kibandani kabla ya shule nikamkuta Bi Somoe anafunga kanga, moja juu ya nyingine, mikono haimtii.

"Sanduku la mama yako limo kwenye chaja tangu jana. Ukitoka shule lipime. Likijaa, lifute, lipeleke."

"Leo leo?"

"Mwanangu yuko kule, unaniuliza leo leo?"

Jioni nilifungua kibanda mwenyewe. Nilivuta asidi chumba baada ya chumba, boya likaelea vizuri kote. Nilikuwa nakaza vizibo wakati anga lilipoingia weusi kama sufuria, na hapo hapo chaja ikanyamaza. Msamala nzima ikatoa ile sauti moja, "Aaaah!" sauti ya mji uliokatiwa umeme. Kwa kawaida mimi huitikia. Siku ile nilifikiria tochi yenye meno.

Nililifunga sanduku kwenye baiskeli ya marehemu mume wa Bi Somoe, nikalifunika nailoni, nikatoka na mabuti yangu yanayotazama kwingine. Nisiwadanganye, sikuendesha. Nilisukuma. Matope yalinivua buti la kushoto mara tatu au nne. Mwanamke mmoja aliyejikinga mvua barazani akapiga kelele, "Wee mtoto, unahamia wapi na mvua hii?"

"Napeleka mchana Ruhuwiko!" nikajibu. Nilijivunia jibu hilo mpaka kilima kilichofuata, ambapo baiskeli ilianguka upande na sanduku likapiga jiwe.

Zahanati ilikuwa giza. Bi Somoe alikuwa kwenye benchi la nje ya chumba cha uzazi, tasbihi mkononi. Mama akatoa kichwa kwenye pazia, tochi ipo mdomoni, akasema kitu ambacho kwa herufi ni "ngo-ngo-ngo" na kwa maana ni "fanya haraka, wewe mtoto". Nikaweka sanduku kando ya pazia, nikaupitisha waya chini yake, nikakaa nimeelekea ukutani kama mwari. Mama akatundika taa. Nikafunga fyuzi. Ukuta wangu ukawa mweupe, na nyuma ya pazia nikasikia tochi ikiwekwa mezani.

"Haya, Zuhura, sasa nakuona. Twende, mama. Twende."

Sitaeleza sauti zilizofuata. Mwishoni kulikuwa na kilio kidogo cha hasira, na Bi Somoe akasema "Alhamdulillahi" mara nyingi kuliko shanga alizonazo. Nami nikatabasamu na ukuta.

Kisha sauti ya Mama ikabadilika. Ikawa ya chini, laini, ile anayoitumia nyumbani nikiwa nimeharibu kitu kikubwa. "Zuhura, usilale. Niangalie mimi. Damu inatoka, nataka nione inatoka wapi." Na papo hapo ukuta wangu ukaanza kugeuka njano.

"Deo! Taa!"

Njano ikawa rangi ya chungwa. Bi Somoe alisimama, akaja juu ya sanduku, akanyoosha mikono mpaka karibu na waya. Mikono ile iliyonifundisha. Akairudisha kifuani.

"Siwezi. Nitaharibu. Tafuta chenye homa, mwanangu."

Nilifungua kifuniko, nikavua shati la shule nikapepea kwanza ili hewa ya betri itoke, maana betri iliyotoka kwenye chaja na cheche ni maadui. Halafu nikapapasa. Cha kwanza baridi. Cha pili baridi. Cha tatu, kwenye betri ya upande ulioangukia jiwe, kiliniunguza kidole. Kilikuwa kimelegea, kinacheza kama jino la mtoto. Nilikibana kwa mkono, nikatia spana, nikakaza polepole nisiguse upande wa pili. Nikasikia Bi Somoe amebana pumzi. Ukuta ukageuka njano, kisha mweupe.

"Ibaki hivyo hivyo," akasema Mama. "Asipumue mtu."

Hatukupumua. Nilisikia mkasi ukiwekwa kwenye trei, kisha kitu kingine, kisha kimya, kisha tena mkasi. Mkono wangu ulibaki kwenye kile kiungo mpaka kikapoa.

"Damu imekata," akasema Mama. "Bi Somoe, imekata. Njoo umwone."

Kabla Bi Somoe hajapita pazia, sauti nyembamba ikauliza, "Fundi Maji yupo?"

"Yupo," Mama akajibu. "Anatazama ukuta."

"Mwambie akigeuka namroga."

Hapo nikajua atapona. Nikaegemea ukuta wangu, sina shati, buti moja limejaa matope, na nikalia kidogo, kitu ambacho Fadhili asikitangaze shuleni.

Mvua ilipopungua Mama alitoka, akanawa mikono muda mrefu, akakaa kando yangu kwenye benchi. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa sare, akatoa kile kichupa chake kidogo, akakifungua, akanipa.

"Onja."

Nikaonja.

"Yana ladha gani?"

"Hayana ladha, Mama."

Akakichukua, akakifunga, akakirudisha mfukoni. Akaitazama taa, ambayo ilikuwa bado inawaka vile vile nyuma ya pazia, na Bi Somoe akimwimbia mjukuu chini yake.

"Maji ya baraka yana chumvi, Deo," akasema. "Mwaka mzima nazalisha wanawake kwa maji ya betri, nimekunyamazia nione utasema lini. Kesho utakwenda kuungama kwa padri. Lakini umeme ukirudi, kwanza upeleke hilo sanduku likachajiwe, maana padri hazimiki."